Jinsi ya kuunganisha mitindo ili kiwanda kikubali oda yako

Swali: "Nina duka dogo la nguo za wanawake hapa Kisumu, na nusu ya wateja wangu hunipata mtandaoni. Mafundi wangu wamezidiwa na kazi, kwa hivyo nilikwenda kwenye kiwanda kimoja kuomba wanishonee mitindo yangu mitano: blauzi ya mikono mipana, gauni la shati, sketi ya lastiki kiunoni, suruali pana, na koti refu la kitenge. Wakaniambia hawapokei oda chini ya nguo 300. Nikasema sawa, nitachukua 60 kwa kila mtindo, jumla 300. Wakakataa, eti ni 300 kwa kila mtindo. Sina pesa za nguo 1,500, na hata ningekuwa nazo sijui ningemuuzia nani. Kuna njia ya kuunganisha mitindo wakakubali? Na rafiki yangu wa Kakamega anayeuza nguo kama mimi anataka tuungane. Unanishauri nini?"

Njia ipo, dada, ila si hiyo uliyowapelekea. Ulipozidisha 60 kwa 5 ukapata 300, wao waliona oda tano ndogo zisizohusiana. Matatu ya Busia haijazwi na abiria watano ambao mmoja anakwenda Siaya, mwingine Kericho na mwingine Homa Bay. Mitindo huungana pale inapotumia vitu vilevile vinavyokigharimu kiwanda muda na pesa. Kwa hiyo kabla ya kupanga upya oda yako, ni lazima ujue gharama hizo ziko wapi.

Tuanze na meza ya kukatia, kwa kuwa huko wateja wengi hawafiki. Mkataji huanza kwa kuchora pateni, yaani umbo la kila kipande cha nguo, za saizi zote kwenye karatasi ndefu yenye upana wa kitambaa, akizisogeza zibanane ili kitambaa kisipotee. Kisha kitambaa kinatandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, karatasi inalazwa juu yake, na kisu cha umeme kinafuata mistari kikikata tabaka zote kwa pamoja. Tuseme karatasi ya gauni lako ina magauni sita: S moja, M mawili, L mawili, XL moja. Ukitaka magauni 60, watatandaza tabaka 10. Ukitaka 300, watatandaza 50. Kutandaza kutachukua muda zaidi, ndiyo, lakini kazi ya kuchora ni ileile na kisu kinapita njia ileile. Wewe ulitaka wachore karatasi tano na kupitisha kisu mara tano, kila mara kwa tabaka 10 tu. Ungekuwa mwenye kiwanda, hata wewe ungesita.

Halafu kuna mstari wa mashine. Kiwandani fundi mmoja hashoni nguo nzima kama pale soko la Kibuye. Huyu anaunga mabega, yule anabandika kola, mwingine anatia mikono, na wa mashine ya ovaloki anafunga mbavu. Mtindo mpya ukiingia, mashine zinapangwa upya, uzi unabadilishwa, na msimamizi anapita kwa kila fundi kumwonyesha sehemu yake. Siku ya kwanza kazi huenda polepole, kisha mkono unazoea na nguo zinaanza kumiminika. Nguo 60 huisha kabla mkono haujazoea. Kiwanda hupata faida yake kwenye zile nguo zinazokuja baada ya hapo, na wewe hukuwaachia.

La tatu ni kitambaa chenyewe. Kinu kinachotia rangi hakiwashi mitambo kwa mita 80. Kiwanda cha kushona kikiagiza rangi maalumu kwa ajili yako, nacho hupewa kima cha chini cha mita za kuagiza, na mzigo huo kinakusukumia wewe. Lakini kitambaa kikiwa tayari kipo dukani kwa majora, kimeshatiwa rangi, kima hicho hakikuhusu. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwenye kiwanda ni hili: kitambaa ni chenu au ni changu? Viwanda vingi hukubali uje na kitambaa chako, wao wakate, washone na kumalizia, na hapo kima chao mara nyingi hulegea.

Sasa tuitazame mitindo yako. Blauzi, gauni la shati na sketi ni ndugu. Zote zinaweza kukatwa kwenye pamba nyepesi ya aina moja. Suruali pana inataka kitambaa kizito zaidi, na ukiilazimisha kwenye pamba ya blauzi itaonyesha mwili na kukunjamana magotini, na mteja hatarudi. Koti la kitenge nalo lina matatizo yake. Kitenge huuzwa vipande vya yadi sita, na michoro yake inahitaji jicho la fundi ili maua ya upande wa kulia yakutane na ya kushoto, jambo ambalo kisu cha tabaka 50 hakiwezi kukufanyia. Hizo mbili zitoe kabisa kwenye hesabu ya kiwanda. Ziache kwa mafundi wako wa Kisumu, ambao sasa watapumua kwa kuwa mitindo mitatu imewaondokea.

Kwa hiyo umebaki na mitatu, na kwenye hiyo mitatu ndipo kuna kazi tamu. Gauni la shati ni blauzi iliyorefushwa. Mwambie mchora pateni atumie kiwiliwili kimoja kwa zote mbili: bega lilelile, kifua kilekile, tundu la mkono lilelile, kola ileile. Tofauti ibaki kwenye urefu, kwenye mkono na kwenye mkanda wa kiunoni. Ukifanya hivyo, fundi wa mabega na fundi wa kola hawatajua kama wameshika blauzi au gauni. Kwao ni mtindo mmoja, na unaweza kumwambia mwenye kiwanda hivyo kwa haki kabisa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba tofauti kati ya mitindo ije karibu na mwisho wa mstari: mfuko, vifungo, darizi, chapa, mkanda. Tofauti inayoanzia kwenye bega hubadilisha kazi ya kila mashine inayofuata.

Kisha waombe wachanganye mitindo kwenye karatasi moja ya kukatia. Wateja wengi hawajui kwamba hili linawezekana, na viwanda havilitaji mpaka uulize. Tuseme kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, gauni linakula mita 2.4 na blauzi mita 1.4. Karatasi moja ikibeba magauni mawili, la S/M na la L/XL, na blauzi mbili za saizi hizohizo, urefu wake ni mita 7.6. Tandaza tabaka 50 na utapata magauni 100 na blauzi 100 kwa kukata mara moja. Sketi mbili za mita 1.6 zinachukua mita 3.2 kwa tabaka. Tabaka 50 ni sketi 100. Kitambaa chote ni mita 380 na mita 160, jumla mita 540. Nguo ni 300, mikato miwili tu, kitambaa cha aina moja. Meza yao ikiwa fupi watagawanya karatasi, lakini hesabu haibadiliki sana. Tena kola na vipande vya mkanda hujaza nafasi zinazobaki kati ya vipande vikubwa, kwa hivyo huenda ukaokoa kitambaa.

Kuna neema nyingine hapo mezani. Kisu hakijali rangi. Kati ya zile tabaka 50, 30 zinaweza kuwa nyeusi na 20 za rangi ya haradali, zote zikakatwa pamoja. Rangi ina gharama kinuni inapotiwa, na kwenye mashine uzi unapobadilishwa, basi. Ukinunua majora yaliyo tayari dukani, rangi mbili si mzigo mkubwa. Ukitaka rangi yako mwenyewe itiwe kinuni, baki na moja kwa oda hii ya kwanza.

Hapo niongeze onyo la kiufundi. Majora mawili ya "nyeusi" si lazima yafanane, hasa kama hayakutiwa rangi siku moja. Kwa kuwa wateja wako watanunua blauzi na sketi wazivae pamoja, dai mambo mawili. Kwanza, kitambaa cha blauzi na cha sketi kitoke kwenye mkupuo mmoja wa rangi. Pili, kila kipande kikishakatwa kibandikwe stika ya namba ya tabaka, na mafundi waunge namba zinazofanana tu: mkono wa tabaka la 17 uende kwenye kiwiliwili cha tabaka la 17. Kiwanda kizuri hufanya hivi bila kuambiwa. Ukifika sakafuni kwao usione stika hata moja kwenye mafungu ya vipande, uliza kwa nini.

Na kabla kitambaa hakijakatwa, kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, ufue kama mteja wako atakavyofua, ukaushe juani, upime tena. Ukirudi na 48, kitambaa kinasinyaa asilimia 4, na pateni lazima iongezwe kiasi hicho. Mitindo mitatu ikishiriki kitambaa kimoja, kosa la kitambaa hicho linaingia kwenye nguo zote 300. Hiyo ndiyo bei ya kuunganisha, na kipimo hiki kidogo ndicho kinga yake.

Sasa saizi, ambazo ndizo zinazokula oda ndogo kimyakimya. Nguo 60 kwa saizi tano ni 12 kila saizi. Ziwe rangi mbili, unabaki na sita. Mteja wa XL akija wiki ya pili, hakuna, huku S nne zikikuangalia kwenye kamba. Mitindo yako imelegea, na sketi ina lastiki, kwa hiyo saizi mbili pana zinatosha kuanzia. Ila upana wenyewe usiutoe kichwani. Fungua daftari la mauzo, au pitia ujumbe wa simu wa wateja kama huna daftari, uone wanaoagiza kwa kweli ni wa vipimo gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye nguo hilo ni kweli mara mbili, kwa sababu daftari lako ndilo linalompa mkataji idadi ya saizi. Wateja wako wakiwa wengi ni wa L kwenda juu, karatasi ya kukatia iwe na L/XL mbili kwa S/M moja.

Vifungo, uzi na lebo nimalize haraka. Kifungo kimoja kwa blauzi na gauni. Uzi mmoja kwa kila rangi. Lebo za kufumwa zenye jina lako huuzwa kwa mamia au elfu, kwa hivyo jina lisichanganywe na saizi. Tengeneza lebo moja ya jina inayoingia kwenye nguo zako zote, pamoja na zile zinazoshonwa Kisumu, na saizi iwe kijilebo kidogo pembeni.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu naona ulivyosema huna mtaji wa nguo 1,500, na sitaki uingie hata kwenye 300 kwa macho yaliyofumba. Katika mpango huu utakuwa na nguo 100 za kila mtindo badala ya 60. Kama unajua hutauza zaidi ya 60, omba kiwanda kikupe bei ya oda ndogo. Wengi hukubali kushona chini ya kima ukilipa zaidi kwa kila nguo. Tuseme kwa mtindo mmoja wanataka shilingi 650 kwa nguo ukichukua 300, na 850 ukichukua 120. Wanunuzi wengi hukimbilia 650. Lakini nguo 300 ni shilingi 195,000, na nguo 120 ni shilingi 102,000. Ukiuza 120 tu msimu huo, kila nguo uliyouza imebeba shilingi 1,625 za mtaji mpaka hizo nyingine 180 zitoke, kama zitatoka. Mimi ningelipa 850 bila kusita kwa mtindo ambao sokoni haujajulikana, na ningechukua 300 kwa mtindo ambao wateja wameshaurudia. Ikiwa blauzi yako ndiyo inayorudiwa, acha ibebe oda: blauzi 160, magauni 80, sketi 60. Karatasi ya kukatia itapangwa kwa uwiano huo, blauzi nne kwa magauni mawili, tabaka 40, na sketi mbili mbili kwa tabaka 30. Hesabu zigawanyike hivyo bila mabaki, mkataji atakupenda.

Kuhusu mahali na wakati. Viwanda vya EPZ (eneo maalumu la bidhaa za kuuza nje) vya Athi River vilijengwa kwa oda za kwenda nje, hasa Marekani chini ya AGOA, mpango wa kuuza bidhaa za Afrika huko bila ushuru ulioanza 2000, na oda zao ni za maelfu. Usipoteze nauli. Tafuta wanaoshona sare za shule na za kazi, wapo Nakuru, Eldoret na hata hapo Kisumu. Hao wamezoea soko la nyumbani na oda za mchanganyiko. Ila usiwaendee Novemba wala Desemba. Shule hufunguliwa Januari, na miezi hiyo mashine zote ziko kwenye sare. Nenda Februari au Machi, mafundi wakiwa wanasubiri kazi, na utashangaa jinsi kima kilichokuwa 300 kinavyozungumzika. Msimamizi mwenye mstari wa mashine uliosimama anapendelea nguo 150 leo kuliko 300 za mwezi usiojulikana.

Kwa kitambaa, kama utataka siku moja chapa au rangi yako mwenyewe ya pamba, Rivatex iko Eldoret, karibu nawe kuliko Nairobi. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, kikazinduliwa upya 2019 baada ya kuwekewa mashine mpya, na kinasokota, kufuma, kutia rangi na kuchapa. Kinuni usiulize nguo ngapi. Uliza mita ngapi kwa rangi moja. Mita hizo ukishazijua, rudi kwenye hesabu yetu ya 540 uone kama unafika.

Na rafiki yako wa Kakamega? Unganeni kwenye kitambaa, msiungane kwenye mtindo. Mkinunua mita 900 pamoja za pamba moja, nyote mnapata bei ya jumla na kinu kinawasikiliza, kisha kila mmoja anakata mitindo yake na kutia lebo yake. Mkishiriki gauni lilelile, mteja wa mtandaoni ataliona kwenye kurasa mbili kwa bei mbili, na mtaanza kushushiana bei. Urafiki wenu hautastahimili hilo. Mkikubaliana, andikeni karatasi fupi yenye mambo manne: nani anaweka oda na kulipa malipo ya awali, kila mmoja analipa lini, kitambaa chenye kasoro kinagawanywa vipi, na usafiri ni wa nani. Kateni kipande cha kitambaa mlichokubali, mkitie saini nyote wawili, kibandikwe kwenye karatasi hiyo.

Kwa kiwanda, usirudi na ombi lilelile. Watumie ujumbe wa namna hii, pamoja na picha na vipimo:

"Habari. Nina oda ya nguo 300 za pamba ya aina moja, rangi mbili, nitakayoleta mwenyewe kwa majora. Ni blauzi na gauni zinazotumia kiwiliwili na kola moja, na sketi moja ya lastiki. Saizi ni mbili tu. Naomba blauzi na gauni zikatwe kwenye karatasi moja. Je, kima chenu ni kwa mtindo, kwa rangi, au kwa oda nzima? Mkikubali, bei ya kukata, kushona na kumalizia ni ngapi kwa kila mtindo? Na ikiwa sketi itashuka hadi 60, bei yake itakuwa ngapi? Naweza kusubiri hadi Machi mkiwa na nafasi."

Wakijibu kuwa kima ni kwa rangi, ondoa rangi moja. Wakisema ni kwa mtindo lakini wanakubali blauzi na gauni kuwa mmoja, sketi ndiyo pekee ya kujadiliana, na hapo lipa nyongeza au iache kwa mafundi wako. Wakikataa kuchanganya karatasi bila kueleza sababu, ongea na mkataji mwenyewe ukipata nafasi, kwa kuwa mara nyingi aliyekukataa ni wa ofisini. Na usilipe malipo ya awali kabla hujaona sampuli ya kila mtindo iliyoshonwa kwa kitambaa kilekile utakachotumia, imefuliwa na kuvaliwa. Zishonwe mbili za kila mtindo, mtie saini pamoja kwenye lebo, moja ibaki kwao mezani na nyingine uondoke nayo.